Maji ya Paa, Bustani ya Nyumbani na Amani ya Majirani

Somo la kujifunza katika kikundi

Katika toleo hili tunazungumzia maji ya mvua: jinsi ya kuyakinga kutoka kwenye paa, kuyahifadhi, na kuyatumia kumwagilia bustani ndogo ya mboga nyumbani. Huenda mtu akauliza, jarida la amani lina habari gani na mifereji na mapipa? Jibu letu ni kwamba ugomvi mwingi kati ya majirani hauanzi na mambo makubwa. Unaanza kwenye foleni ya chemchemi, au pale maji ya paa la huyu yanapoingia jikoni kwa yule. Katika mji ambao watu wake wamepita vitani, ugomvi mdogo wa namna hiyo hupata haraka majina ya makabila. Kwa hiyo somo hili lina sehemu mbili zinazokwenda pamoja: kazi ya mikono na kazi ya mapatano.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, wanakikundi wataweza:

1. Kuhesabu kiasi cha maji ambacho paa la nyumba linaweza kutoa.
2. Kutengeneza mfereji na hifadhi ya maji kwa vifaa vinavyopatikana karibu.
3. Kutumia maji hayo kwa kiasi wakati wa kiangazi, bila kuzalisha mbu wala kuhatarisha watoto.
4. Kupatana na majirani, wenye nyumba na wageni juu ya maji hayo kabla mvua haijaanza.

HALI YA BUNIA

Bunia ni mji mkuu wa Ituri, jimbo lililoundwa mwaka 2015 wakati Jimbo la Mashariki la Kongo lilipogawanywa. Mji uko upande wa magharibi wa Ziwa Albert, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi Machi, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi kwa nguvu kuanzia Agosti hadi Novemba. Kwa mwaka mzima hupita milimita 1,000. Desemba, Januari na Februari ni miezi ya kiangazi. Wakati huo vumbi hujaa barabarani, lengalenga hukauka shambani, na bei ya mboga sokoni hupanda.

Kuanzia mwaka 1999 hadi 2003, magomvi ya ardhi katika eneo la Djugu yaligeuka kuwa vita. Makundi yenye silaha yalidai kuwatetea Wahema au Walendu, na raia wa pande zote waliuawa. Mwezi Mei 2003 maelfu ya wakazi wa Bunia walikimbilia karibu na ofisi ya MONUC na uwanja wa ndege. Kuanzia Juni hadi Septemba mwaka huo askari wa Umoja wa Ulaya walikuja kulinda mji, katika operesheni iliyoitwa Artemis. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa mwaka 2017, mauaji yalianza tena Djugu. Watu wengi walikimbilia Bunia. Wengine waliwekwa katika kambi kama ile ya Kigonze, na wengine wengi walipokelewa na ndugu, marafiki au waumini wenzao.

Familia moja inapopokea familia nyingine, chungu kinaongezwa maji na kitanda kinagawanywa. Lakini chemchemi ni ileile. Akina mama na wasichana wanaamka usiku ili wawahi foleni. Anayechelewa anashindwa kupeleka watoto shule au kufika sokoni. Mtu akisogeza bidoni yake mbele ya wengine, maneno yanaanza: "Ninyi mliokuja juzi," au "Ninyi mnaojiona ndio wenye mji." Hapo maji yamekwisha kuwa jambo la amani.

Hatusemi kwamba pipa la maji litamaliza vita vya Ituri. Vita hivyo vina mizizi mingine: ardhi, dhahabu, silaha na uongozi. Tunasema kwamba kila bidoni unayoikinga nyumbani ni bidoni moja ambayo hukuifuata kwenye foleni, na nafasi yako ameipata jirani.

PAA LAKO LINATOA MAJI KIASI GANI?

Hesabu yake ni rahisi, na tunashauri kikundi kiifanye pamoja. Kumbuka jambo moja tu: milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji.

Pima urefu na upana wa eneo lililofunikwa na paa, ukipima chini, kutoka ukingo mmoja wa mabati hadi ukingo mwingine. Usipime mteremko wa bati lenyewe.

Tuchukue mfano. Nyumba ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Paa linafunika mita za mraba 40. Ikinyesha mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida ya alasiri moja, paa linapokea lita 400. Sehemu fulani itaruka pembeni au kuvuja, kwa hiyo toa moja ya tano. Zinabaki lita 320, yaani bidoni 16 za lita 20. Kama umeweka mfereji upande mmoja tu wa paa, utapata nusu yake, yaani bidoni 8.

Sasa fikirieni mwaka mzima. Kwa mvua ya milimita 1,000, paa hilohilo linatoa lita 32,000 baada ya kutoa zilizopotea. Hizo ni bidoni 1,600. Kwa familia nyingi maji hayo yote humwagika uani, huchimba msingi wa nyumba, kisha hukimbilia barabarani na kukata makorongo.

Ukitaka kujua mvua ya kwenu ni milimita ngapi, weka uwanjani kopo lenye pande zilizonyooka, mbali na miti na paa. Mvua ikikoma, ingiza rula ya mtoto wa shule na usome kina cha maji. Watoto wanaweza kupewa kazi hiyo na kuandika katika daftari.

Paa la nyasi pia linatoa maji, lakini ni machache zaidi na yana rangi ya chai. Kwa bustani hayana shida.

MFEREJI WA PAA

Vifaa vinavyofaa ni bati kuukuu lililokunjwa, mwanzi mkubwa uliopasuliwa katikati na kutolewa vifundo vya ndani, au bomba la plastiki lililokatwa katikati.

Hatua za kufuata:

1. Chagua upande wa paa unaotoa maji mengi na ulio karibu na mahali pa bustani.
2. Funga uzi kutoka mwanzo wa mfereji hadi mwisho wake. Uzi ushuke karibu sentimita 1 kwa kila mita 1. Kwa mfereji wa mita 8, mwisho uwe chini kwa sentimita 8.
3. Ning'iniza mfereji kwa waya ukifuata uzi. Weka waya kila baada ya mita 1, kwa sababu mfereji uliojaa maji ni mzito.
4. Ukingo wa bati uingie ndani ya mfereji, usiishie juu ya ukingo wake wa nje. Mvua kubwa hurusha maji mbali.
5. Mwishoni weka bomba fupi, au kipande cha mwanzi, cha kupeleka maji kwenye hifadhi. Juu ya mdomo wa hifadhi funga kitambaa safi cha kuzuia majani na uchafu.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Iache ipite. Kwa paa la mita za mraba 40, kumwaga bidoni moja ya mwanzo kunatosha mara nyingi. Safisha mfereji kabla ya Machi na tena kabla ya Agosti.

HIFADHI: PIPA AU SHIMO

Pipa la lita 200 ni mwanzo mzuri. Liweke juu ya mawe au matofali ili ndoo iingie chini ya bomba lake. Kabla ya kulinunua, uliza lilibeba nini. Pipa lililobeba dawa za mimea, rangi au kemikali nyingine lisitumiwe kabisa, hata likioshwa mara ngapi. Ubaya wa pipa ni udogo wake. Mvua moja nzuri hulijaza, na maji yanayobaki humwagika.

Kwa bustani, shimo lililotandikwa shitingi, yaani turubai la plastiki, linahifadhi maji mengi zaidi kwa gharama ndogo. Shitingi ya mita 4 kwa 5, kipimo kinachotolewa sana na mashirika ya misaada, inatosha shimo la urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha mita 1, na kubaki nusu mita kila upande ya kukandamiza chini ya udongo. Shimo hilo linabeba lita 2,000, sawa na bidoni 100.

Hatua za kufuata:

1. Chagua mahali penye udongo mgumu, mita 3 au zaidi kutoka ukuta wa nyumba, mbali na choo, na ikiwezekana juu kidogo ya bustani.
2. Chimba, kisha ondoa kila jiwe na kila mzizi. Kipande kimoja chenye ncha kinatosha kutoboa shitingi.
3. Kandika kuta na sakafu ya shimo kwa udongo laini uliochanganywa na maji, halafu acha ukauke. Majivu yakinyunyizwa juu yake husaidia kuwazuia mchwa.
4. Tandika shitingi bila kuivuta. Iache ilegee kidogo kwenye pembe, maana maji yataisukuma.
5. Fukia kingo zake katika mtaro mdogo unaozunguka shimo. Inua udongo kuzunguka mdomo ili maji machafu ya uani yasiingie.
6. Acha njia moja ya maji yaliyozidi. Yaelekeze kwenye shina la mgomba ndani ya kiwanja chako.
7. Funika kwa miti iliyopangwa karibu karibu, mikeka juu yake, na kifuniko kidogo cha kuchotea.

Usivue shitingi ya paa la mtu kwa ajili ya shimo. Familia ya wakimbizi inayoishi chini ya shitingi inahitaji kwanza kukaa pakavu. Kama hakuna shitingi ya pili, anzeni na pipa, au hata bidoni kadhaa zilizopangwa chini ya mfereji.

Kujenga hifadhi kwa namna hii si jambo geni katika nchi zetu. Katika visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya, watu wamekuwa wakikinga mvua kwa vizazi vingi katika hifadhi kubwa zilizojengwa, zinazoitwa jabia, kwa sababu visima vingi vya huko vina chumvi. Tofauti ni kwamba Bunia ina mvua nyingi kuliko Lamu. Tunachohitaji ni mahali pa kuiweka.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Mbu. Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hadi mbili ndani ya maji yaliyotulia. Pipa lisilofunikwa linaleta malaria nyumbani kwako na kwa jirani. Funika hifadhi kila mara, na utengeneze haraka kifuniko kilichotoboka. Chandarua kinachofaa kulalia kibaki kitandani.

Watoto. Shimo la mita 1 linaweza kumzamisha mtoto mdogo kwa dakika chache. Kifuniko kiwe imara kiasi cha kubeba uzito wa mtoto, na zungushia ua wa miti. Asiwepo mtoto wa kutumwa peke yake kuchota shimoni.

Kunywa. Maji ya shimo ni ya bustani. Maji ya pipa safi yanaweza kufulia na kuoshea. Yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa. Kipindupindu na magonjwa ya kuhara hayamwulizi mtu kabila lake.

KUMWAGILIA KWA KIASI

Tuta la mboga la mita 5 kwa 2, yaani mita za mraba 10, linahitaji wakati wa kiangazi karibu lita 40 kwa siku, bidoni mbili. Shimo la lita 2,000 likijaa mwishoni mwa Novemba litamwagilia tuta hilo kwa siku 50. Hiyo inakufikisha katikati ya Januari. Lengalenga huvunwa kati ya wiki tatu na sita baada ya kupandwa, kwa hiyo familia inaweza kula na kuuza mboga wakati ambapo wengi hawana. Mvua yoyote ya Desemba inaongeza siku.

Fanyeni tena hesabu kwa upande wa foleni. Siku 50 kwa bidoni mbili ni bidoni 100. Ni safari 100 za kwenda chemchemini ambazo mama au binti hakuzifanya.

Ili maji yadumu:

- Mwagilia asubuhi mapema au jioni, karibu na shina. Kopo lililotobolewa matundu madogo chini linafaa kuliko kumwaga kwa ndoo.
- Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya mgomba, ili jua lisikaushe tuta haraka.
- Tengeneza tuta lililoshuka kidogo kuliko ardhi inayolizunguka, ili maji yasikimbie.
- Usiache shimo wazi. Katika siku za jua kali shimo letu la mfano linaweza kupoteza lita 8 hadi 10 kwa siku kwa kukauka tu, karibu nusu ya bidoni.
- Maji yaliyoosha mboga au mchele yarudishwe bustanini.

Kwa wasio na nafasi, bustani ya gunia inafaa sana. Simamisha katikati ya gunia kopo kubwa lisilo na kitako, lijaze mawe madogo, na uzungushie udongo uliochanganywa na samadi. Vuta kopo juu kadiri unavyojaza, mpaka katikati pawe na nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Panda juu ya gunia na katika matundu ya pembeni. Maji yakimwagwa juu ya mawe yanafika pande zote. Gunia linaweza kukaa mlangoni mwa nyumba ya kupanga au katika kambi, na mtu akihama anaweza kuhamisha mbegu na gunia lake.

MAPATANO KABLA YA MVUA

Hapa ndipo tunapoomba kikundi kitumie muda mwingi zaidi. Maji ya mvua hayana mwenyewe yakiwa mawinguni. Yakigusa bati, yanapata mwenyewe. Yakimwagika uani kwa jirani, yanapata mshtaki. Mambo haya matano yajibiwe wakati wa jua, kabla mtu hajalowa wala kukasirika.

1. Paa ni la nani, na maji ni ya nani? Mara nyingi paa ni la mwenye nyumba na mikono inayofanya kazi ni ya mpangaji. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza. Wapatane kama maji yatagawanywa, na kwa kiasi gani.

2. Maji yaliyozidi yatakwenda wapi? Mfereji unakusanya mahali pamoja maji yaliyokuwa yanaanguka ukuta mzima. Ukiuelekeza mpakani, utabomoa ukuta wa jirani kwa usiku mmoja. Nenda na jirani mkaone pamoja njia ya maji kabla ya kuchimba.

3. Vifaa ni vya nani mtu akihama? Tumesikia mara nyingi malalamiko ya namna hii: mpangaji anatengeneza mfereji na bustani, kisha kodi inapandishwa au anaambiwa atoke. Andikeni kwenye karatasi nani alinunua shitingi, pipa na bati, na muda ambao kodi haitabadilika. Mashahidi wawili watie sahihi, mmoja kutoka kila upande. Shefu wa avenyu anaweza kupewa nakala.

4. Nani anachota, na nani anakula? Katika nyumba nyingi mama na binti wanachota na kumwagilia, halafu fedha ya mboga inapangwa na mtu mwingine. Familia ikae na kukubaliana mapema sehemu ya kula, sehemu ya kuuza na nani anashika fedha.

5. Hifadhi ikibaki na maji na jirani hana, itakuwaje? Si lazima kutoa yote. Lakini ni vizuri kusema mapema, kwa mfano, kwamba mama aliyejifungua na mgonjwa watapewa bidoni moja. Anayejua atapewa nini haviziwi kuja usiku.

IGIZO FUPI

Watu wawili waigize mazungumzo haya mbele ya kikundi.

Mwenye nyumba: Dada, naona umepanga bidoni chini ya bati langu.

Mpangaji: Ndiyo, mama, unisamehe, ningekuuliza kwanza. Niliona maji yote ya jana yamemwagika njiani.

Mwenye nyumba: Maji si kitu. Ninachoogopa ni kesho useme na nyumba ni yako. Siku hizi watu wanakuja, wanapanda, halafu hawatoki.

Mpangaji: Nimekuelewa, mama. Mimi nimekimbia, shamba langu nimeliacha kijijini na nataka kulirudia. Hapa naomba tu mboga ya watoto. Tukiandika kwamba kiwanja ni chako na shitingi ni yangu, utakubali?

Mwenye nyumba: Na maji?

Mpangaji: Mama upate bidoni tatu kwa kila mvua. Mimi nitachimba na kusafisha mfereji.

Mwenye nyumba: Na jirani wa huku chini? Mwaka jana maji yalimwingilia, hatusemezani mpaka leo.

Mpangaji: Basi twende wote wawili tukamwone, kabla sijapiga jembe.

Baada ya igizo, muulizeni kila mmoja: Mwenye nyumba alikuwa anaogopa nini hasa? Mpangaji alijibu hofu hiyo au alijibu maneno tu? Kwa nini ilikuwa muhimu waende wote wawili kwa jirani?

Angalieni kwamba hofu ya mwenye nyumba ilihusu ardhi, na maji yalikuwa njia ya kuisema. Katika Ituri, mahali ambapo ardhi imemwaga damu nyingi, hofu hiyo ni ya kweli na haifai kuchekwa. Mpangaji naye ana hofu yake: kufukuzwa mara ya pili. Karatasi moja yenye sahihi haiondoi hofu zote, lakini inampa kila mmoja kitu cha kushika.

KAZI YA PAMOJA KATIKA MTAA

Kuna majengo yenye mapaa makubwa kuliko nyumba zetu: makanisa, misikiti, shule. Paa la urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 linatoa, kwa mvua ya milimita 10, lita 1,600 baada ya kutoa zilizopotea. Ni bidoni 80. Kamati ya watu wa jamii mbalimbali, wenyeji na wakimbizi, wanaume kwa wanawake, inaweza kuomba kuweka mfereji na mashimo mawili au matatu kwa ajili ya bustani ya pamoja.

Tunashauri kamati isizidi watu saba, na angalau nusu yake wawe wanawake, maana ndio wanaojua njia ya maji. Daftari la zamu lisomwe mbele ya wote. Mafundi wa mfereji wachaguliwe kutoka pande mbalimbali na wafanye kazi wawili wawili. Mtu aliyeshikilia ngazi ambayo mwenzake amepanda ana sababu ya kumwangalia asianguke.

Kamati isingoje ugomvi utokee ndipo itafute wa kuamua. Mkubaliane tangu mwanzo: jambo likianza, wahusika wataongea wao wawili, wakishindwa, wataenda kwa wazee wawili waliowachagua, wakishindwa tena, kwa shefu wa avenyu. Matusi ya kabila penye maji yawe na adhabu inayojulikana, kama siku moja ya kusafisha mifereji.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wenu, ni ugomvi gani wa maji mnaoukumbuka? Ulianzaje, na nani alisaidia kuumaliza?
2. Msichana wa familia yenu anatumia saa ngapi kwa siku kufuata maji? Angefanya nini kwa saa hizo?
3. Mvua ikinyesha leo, maji ya paa lako yanaishia kwa nani?
4. Mgeni na mwenyeji katika nyumba moja wagawane vipi mboga ya tuta moja?
5. Ni jengo gani la pamoja karibu nanyi lenye paa lisilokingwa? Nani wa kuombwa ruhusa?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SOMO LIJALO

Kila mwanakikundi apime paa la nyumba anamoishi na ahesabu bidoni za mvua moja ya milimita 10. Kisha amtembelee jirani mmoja, ikiwezekana yule ambaye hawajazoea kuongea, waangalie pamoja njia ya maji kati ya viwanja vyao. Alete majibu mawili: bidoni ngapi, na jirani alisema nini.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na mfereji mmoja na pipa moja kabla ya mvua za Agosti. Ikifika Novemba, fungueni kifuniko mpime kina cha maji, na mhesabu siku mtakazoweza kumwagilia.